Riwaya ya mumiani aliyoandika binamu yangu: nilikwenda kumshtaki kwa Bibi, nikatumwa kugeuza kahawa

Wakuu, nawasalimu kutoka Tunduma, ambako leo foleni ya malori imefika hadi mlangoni kwa muuza chipsi wangu.

Majina nimeyabadilisha. Yaliyobaki yote yametokea, na kama kuna ndugu yangu humu ndani atayatambua na naomba anyamaze.

Nataka kutoa maoni kuhusu riwaya moja ya mumiani. Jina la kitabu sitalitaja. Mwandishi ni binamu yangu na sina mpango wa kumtafutia wateja.

Nina wivu. Nalisema mapema ili msipoteze bando kuja kuniambia kitu ninachokijua.

Mimi ni kijana wa Mbozi, nina digrii ya historia, na kwa sasa nipo kwa wakala wa forodha hapa mpakani. Tangu niko chuo nilikuwa nawaambia watu kwamba nitaandika kitabu kuhusu uvumi wa mumiani wa huku kwetu enzi za Mwingereza. Hoja nilikuwa nazo. Utangulizi nilikuwa nao kichwani. Kilichokuwa hakipo ni kitabu.

Akaandika Festo, mtoto wa shangazi yangu.

Festo huyu nimesoma naye sekondari. Insha zangu zilisomwa mbele ya darasa. Za kwake zilirudi na wino wa mwalimu: mawazo mengi, ushahidi hakuna. Basi ushahidi bado hakuna, ila pale Vwawa nimemkuta mama wa duka la vifaa vya shule anakisoma kitabu chake huku wateja wamesimama na madaftari mkononi wanasubiri bei.

Nikamuuliza, "Mama, kizuri?"

Hakuinua kichwa. Akasema, "Ngoja kwanza, baba, ameingia ndani."

Nani ameingia ndani?  Nikanunua nakala yangu, nikaondoka nimenuna.

Sasa tuingie kwenye riwaya yenyewe.

Ni miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Wanaume wa huku wanavuka mpaka kwenda kufanya kazi kwenye migodi ya shaba na wengine hawarudi. Upande wa pili wanasema wamekamatwa na banyama. Upande wetu tunasema mumiani. Ni yule yule, mtu anayenyonya damu za watu na kuziuza kwa wenye magari.

Katikati ya hofu hiyo anatokea dresa mmoja, yaani msaidizi wa tiba wa enzi hizo, kijana mweusi wa huku huku, ameajiriwa kupima malale. Kila anayerudi kutoka ng'ambo anapanga foleni mbele yake. Dresa anamshika shingo kwa vidole viwili, anapapasa, anafumba macho kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali. Halafu anasema, "Wewe nenda." Au anasema, "Wewe baki."

Wanaobaki wanatobolewa kidole.

Hapo nilicheka. Jamani, hiyo ni tiba! Ugonjwa wa malale huvimbisha tezi za shingoni, kwa hiyo wapimaji walikuwa wanapapasa shingo, kisha wanachukua tone la damu wakaangalie kwenye hadubini. Mtu ambaye hajaelezwa kitu, anashikwa shingo na kutobolewa na mtumishi wa serikali, atasema nini jioni akifika nyumbani? Uvumi wote huo una maelezo. Niliwahi kuandika kurasa nyingi kuhusu jambo hilo na hakuna mama wa duka aliyezisoma.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikapigia mstari lori linalofika Iyula katikati ya masika bila kukwama. Nani kati yenu anaijua ile njia akaamini? Nikapigia mstari mzungu anayeongea Kinyiha safi bila maelezo alijifunzia wapi. Nikapigia mstari mwezi mpevu, maana kila Festo akiishiwa anatoa mwezi.

Halafu nikafika mahali ambapo kalamu niliiweka chini.

Dresa ameoa. Mke wake ni binti wa Isansa, hajazoea nyumba. Mchana mmoja anakata mboga, kisu kinateleza, damu inatoka kidoleni. Mume yuko hapo hapo amekaa kwenye kigoda. Anaangalia.  Anainuka taratibu, anatoka nje kwenye mvua, anasimama mbali kwenye migomba amegeuza mgongo, mpaka mvua inakatika.

Basi. Hakuna meno, hakuna kelele. Mke anafunga kidole kwa kitambaa, anaendelea kukata mboga, na wewe msomaji unajua kwa nini yule mwanaume amekimbia nyumba yake mwenyewe.

Wakuu, mimi siamini mumiani, siamini mchawi, na mchungaji wetu ananijua kwa maswali. Lakini nilisimama nikaenda kufunga dirisha, na jua lilikuwa linawaka.

Kilichoniuma zaidi ya woga ni kwamba sentensi zilikuwa fupi na nyepesi, na nilijua kabisa kwamba mimi pale ningeweka aya nzima kuhusu sera ya afya ya kikoloni.

Kuanzia hapo sikusahihisha tena. Yule mke anajua mumewe ni nani na hakimbii. Wanawake wanamsema kisimani, yeye anajitwika mtungi anarudi kwake. Anavyomtetea! Ni jasiri mpaka unakereka. Na katika kitabu chote mume anaitwa Dresa tu, Dresa tu, mpaka ukurasa wa mwisho, pale wanakijiji wamefika na mapanga na mke anasimama mlangoni anamwita kwa jina ili atoke wafe pamoja.

"Yoramu," anasema. "Njoo."

Hapo nikakitupa kitabu kitandani.

Yoramu ni jina la babu yangu mzaa baba. Alikuwa dresa wa malale miaka hiyo. Mke wake ni binti wa Isansa, yaani Bibi yangu, na yupo hai pale Iyula.

Na Yoramu ni jina langu mimi.

Hapa inabidi niwaeleze wale ambao kwao hawana desturi hii. Kwetu ukipewa jina la babu, unapewa na kiti chake. Tangu naanza kutembea Bibi ananiita mume wangu. Kuku akichinjwa, firigisi ni yangu. Shangazi, mama yake Festo, ananiita baba, na si kwa mzaha. Akinikosea hunitafuta kuniomba radhi kama binti anavyomwomba baba yake.

Festo naye ni mjukuu, Bibi anampenda na kumtania, ila jina lake limetoka upande wa baba yake. Kwa Bibi yeye ni Festo tu.

Kwa hiyo nijibuni. Habari za Yoramu ni za nani?

Miaka yote nilikuwa namuuliza Bibi. Nilikwenda na simu ya kurekodia, nilikwenda na maswali niliyopanga vizuri kabisa. Bibi, ni kweli walimsema Babu kuwa mumiani? Ananiangalia, anatabasamu, anasema, "Mume wangu, umekula?" Nikirudia anasema mambo ya zamani hayo, nipe mkono niinuke. Nikajua hakumbuki. Nikajua ni uzee.

Kumbe mwenzangu anapewa mpaka kisu na mboga!

Nilimpigia Festo. Sikumsalimu.

"Umemfanya Babu mnyonya damu."

"Kaka, umekisoma chote?"

"Nimekisoma."

"Umefika kwenye mvua?"

"Nimefika."

"Ehe?"

Alikuwa anataka nimsifie, wakuu. Mimi nampigia kumshtaki, yeye anasubiri sifa. Nikamwambia kwenye mvua pale amejitahidi, halafu nikajichukia siku nzima.

Nikamfuata Baba Mdogo, ambaye ndiye msemaji wa familia. Nikamweleza kwamba jina la marehemu limechafuliwa, na kwa desturi aliyelichafua anatakiwa atoe mbuzi na kitabu kibadilishwe. Nilijua Festo anaandaa toleo la pili. Nilitaka jina la Yoramu litoke humo ndani.

Ndani ya moyo wangu nilitaka litoke libaki kwangu, nije niliandike mimi siku nikipata nafasi. Hilo Baba Mdogo sikumwambia.

Baba Mdogo alifikiri, akasema, "Mwenye marehemu yupo. Tutakwenda Iyula Jumapili baada ya ibada. Mama akisema jina litoke, litatoka, na Festo atatoa mbuzi. Akisema libaki, na wewe unyamaze."

Festo naye akakubali. Alikubali haraka mno, nikapata wasiwasi.

Jumapili ikafika. Nilishuka kwenye bodaboda nina vumbi mpaka kwenye nyusi. Bibi amekaa uani kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, macho yake siku hizi hayaoni vizuri lakini masikio yako sawa. Vichanja vya kahawa vimejaa, maana ni msimu. Shangazi anamenya viazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Baba leo umekuja umekunja uso, nani kakuudhi?"

"Mwanao."

"Basi mchape. Fimbo zipo."

Bibi akacheka. "Yoramu wangu amefika? Njoo hapa, mume wangu. Mbona umekonda? Huko Tunduma umeoa mwanamke asiyejua kupika?"

"Sijaoa, Bibi."

"Vizuri. Usiniletee mke mwenza, nitampiga na hii fimbo."

Festo akaja na kofia yake ya uandishi, ya kitambaa. Tulikula wali na kuku. Firigisi nikapewa mimi, nikaila namtazama Festo.

Baada ya kula Baba Mdogo akakohoa, akaniruhusu kusema.

Nilijiandaa, wakuu. Nilisimama. Nikaeleza kazi ya dresa ilikuwa nini, malale ni nini, kwa nini watu wa enzi hizo waliogopa serikali, magari na sindano. Nikasema Babu alikuwa mtu wa sayansi aliyesingiziwa, na leo mjukuu wake mwenyewe amerudia kumsingizia kwa faida. Mwisho nikasema mwenye haki ya kusimulia habari za Yoramu ni mwenye jina la Yoramu, na kwamba mimi nimeziomba habari hizo kwa miaka mingi nikanyimwa, wakapewa wengine.

 Hayo ya mwisho sikuyapanga.

 Shangazi akafunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Anacheka!

"Shangazi, kinachochekesha ni nini?"

"Baba, nisamehe. Mimi nikae hapa nikusengenye mbele yako?"

Sikuelewa. Bibi ndiye aliyenielewesha, tena kwa mshangao, kama mtu anayeeleza kwamba maji yanashuka mteremko.

"Mume wangu, mwanamke gani mwenye adabu anakaa kitako anamsimulia mumewe maneno aliyosemwa kijijini? Kwamba walikuita hivi, walikuita vile, watoto walikukimbia? Nikuambie wewe usoni? Wewe ndiye Yoramu. Hata wake za baba zako niliwakataza wasikuambie. Festo ni Festo, alikuja akaniuliza, nikamwambia."

Wakuu, nilikaa chini.

Miaka yote nilidhani jina ndilo ufunguo. Kumbe ndilo lililofunga mlango. Katika ukoo mzima, kuanzia wajomba mpaka watoto wa shule, mtu mmoja tu hakuruhusiwa kusikia habari za Babu, na ni yule aliyekwenda kusoma historia.

Baba Mdogo akauliza, "Mama, jina litoke au libaki?"

Bibi akasema, "Kwanza nisikie. Mmeniambia kuna kitabu, hakuna aliyenisomea. Festo, soma."

Festo akafungua. Akasafisha koo. Bibi akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Yoramu, baba watoto, nenda kageuze kahawa."

"Bibi, kitabu nimeshakisoma!"

"Umesoma kivyako. Mimi sitasikiliza habari zako ukiwa umenikodolea macho. Nenda, kahawa itaungua."

Nilimtazama Baba Mdogo anitetee. Akanionyesha vichanja kwa kidevu.

Basi msomi nikaenda kugeuza kahawa. Nimesimama kwenye jua, nachambua punje mbovu kwa vidole, na nyuma yangu nasikia sauti ya Festo inapanda na kushuka. Maneno siyapati. Nasikia Shangazi anasema "Yesu wangu!" Nasikia kimya. Nikajua wamefika kwenye mvua. Kile kimya cha watu wanaosikiliza, mimi sijawahi kukipata hata siku moja, na nimewasilisha mada mbele ya maprofesa.

Ningeweza kumpiga mtu.

Halafu kukatokea kicheko kikubwa, Bibi ndiye anaongoza. Baadaye niliambiwa na Baba Mdogo, ambaye ni mwanaume kama mimi na hana adabu ya kuficha, kwamba ile ya mvua ni kweli kabisa. Babu alikuwa anatoka nje kila Bibi akijikata. Sababu ni kwamba alikuwa anasikia kichefuchefu na kizunguzungu akiona damu nyumbani. Kazini alivumilia mchana kutwa, akirudi hataki hata kuona kuku akichinjwa. Mumiani wa Festo, yule aliyenifungisha dirisha, alikuwa mtu mwenye kichefuchefu.

Nilifurahi kidogo. Ushahidi, mwalimu!

Wakamaliza kusoma. Bibi akaomba fimbo, akakataa kushikwa mkono, akaja mwenyewe polepole mpaka kwenye kichanja nilipokuwa. Wengine wakabaki kule wanazungumza, Festo akiwa katikati yao kama bwana harusi.

Bibi akapapasa kahawa, akatoa punje mbovu niliyoiacha, akaitupa.

"Jina nimewaambia libaki," akasema. "Ameandika vizuri yule mtoto."

"Sawa, Bibi."

"Umekasirika."

"Sijakasirika."

"Yoramu, ulikuwa hivyo hivyo. Umekasirika, unasema hujakasirika."

 Akasogea karibu, akashusha sauti, ingawa hakuna aliyekuwa anatusikia.

"Yule mwanamke wa kwenye kitabu anasimama mlangoni. Hamwogopi mumewe. Ndivyo nilivyomwambia Festo, kwamba watu walisema na mimi nikawacheka."

"Ehe."

"Nilimdanganya."

Akashika ukingo wa kichanja.

"Niliwaamini, mume wangu. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nakuwekea chakula nakimbilia kwa mama yako. Ukinisogelea natetemeka. Ulijua, hukunisema hata siku moja. Ukaenda kulala jikoni kwenye moshi ili mimi nipate usingizi ndani. Mpaka unakufa sikukuambia neno. Nisamehe. Nilikuogopa bure."

Aliongeza na mengine. Hayo ni ya mke na mume, sitayaandika.

Sasa wakuu, mimi ni mtu wa kuuliza maswali. Siamini kwamba jina linamrudisha mtu. Nilikuwa na hoja zote hapo, ningeweza kumwambia Bibi, mimi si yeye, yeye hasikii. Alikuwa amenielekezea uso na macho yale yasiyoona vizuri, anasubiri jibu ambalo amelisubiri tangu kabla baba yangu hajazaliwa.

Nikasema, "Nimekusamehe, mke wangu. Yamekwisha."

Akavuta pumzi ndefu. Akanipiga kidogo begani kwa ngumi, kama msichana, akasema, "Basi geuza na kile kichanja cha pili." Akarudi uani.

Nilibaki pale. Kwanza nilijisikia mshindi. Festo ana kitabu, ana kofia, ana mama wa duka, lakini mke wake jasiri ni wa uongo na mwenye ukweli ni mimi. Kwenye toleo la pili hatakuwa nao.

Ushindi wenyewe haukumaliza hata kichanja. Maana nilikumbuka uso wa Bibi alipokuwa anasubiri jibu. Nimemjua maisha yangu yote na hajawahi kuniangalia mimi namna ile. Alikuwa anamwangalia mwanaume aliyelala kwenye moshi.

Wivu ukanirudia upya, na safari hii kwa marehemu.

Kuhusu riwaya: someni, inatisha, ina lori lisilokwama na miezi mingi. Nikiwa mkweli ni nzuri. Imeniuma kuandika hilo.

Nilichojifunza ni kwamba si kila anayenyamaza amesahau. Wengine wananyamaza kwa sababu ya kiti walichokukalisha. Kabla hujamlaumu mzee wako kwa kukuficha, chunguza kwanza anapokutazama anamwona nani.

Haya, uwanja ni wenu. Wale mliopewa majina ya babu na bibi, nyumbani wanawaitaje, na ni habari gani mmekuja kuzisikia kwa watu wa nje? Na wazee wa Momba, Mbozi na ng'ambo ya Nakonde, mliambiwa nini kuhusu banyama? Leteni, nitasoma zote.

Anayetaka kuniuliza jina la kitabu, aendelee tu na safari yake.